Hawakushindwa, walikiacha makusudi

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia. Mama yake kapigwa picha, ameonekana ana uvimbe uitwao meninjioma kwenye sakafu ya fuvu, na ukoo umegawanyika. Wajomba hawataki apasuliwe, eti "yule mwalimu wa Mtwara alipasuliwa na uvimbe wakamwachia." Mwalimu huyo ni mimi. Basi niseme mwenyewe.

Yangu ilianzia jicho la kulia. Halikuuma wala halikuwa jekundu. Nikabadilisha miwani, nikabadilisha tena, wauzaji wote wakasema ni umri. Kilichonishtua ni kanga. Nilikuwa naanua nguo, vumbi likaniingia jicho la kushoto, nikalifumba. Kanga nyekundu ikageuka rangi ya kutu, maandishi yake siyaoni. Nikafumba la kulia: nyekundu ile ile ya dukani. Daktari wa macho niliyemsimulia hakuhangaika tena na miwani, akaandika picha ya CT. Uvimbe ulikuwa nyuma ya pua, chini ya neva za macho, ukizibana taratibu.

Ya rufaa na foleni nayaruka. Mtu wa kusini aliyevuka daraja la Mkapa na bahasha ya picha mapajani anayajua. Niseme tu kwamba hela yote ya korosho ya msimu ule iliishia huko, na kuna shemeji aliyesema hachangii mtu aliyerogwa. Sijasahau.

Pale MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo ya Muhimbili, daktari bingwa alinichorea kwenye karatasi. Meninjioma haioti ndani ya ubongo, huota kwenye utando unaoufunika. Nyingi si saratani, hukua polepole, na wanawake tunazipata zaidi ya wanaume. Ikiwa juu, upande wa utosi, mara nyingi hutolewa yote pamoja na utando iliposhikia. Ikiwa chini, sakafuni, imekaa katikati ya neva za kuona, za uso, hata za kumeza, na mshipa wa karotidi unaopeleka damu kwenye ubongo. Tangu 1957, daktari Donald Simpson alipopanga madaraja ya upasuaji huu kwa kiasi kilichotolewa, inajulikana kwamba kinachobaki kikiwa kingi, uwezekano wa uvimbe kurudi ni mkubwa. Daktari hakunificha hilo. Ila akaniambia: "Kipande kikiwa kimeng'ang'ania karotidi nitakiacha. Nikikilazimisha unaweza kupooza." Nikasaini nikijua.

Kikaachwa. Jicho limerudi, si lote, pembeni pana ukungu, maana neva iliyobanwa muda mrefu si lazima ipone yote. Lakini madaftari ya darasa zima nasahihisha mwenyewe. Halafu mtu ambaye hajawahi hata kuniletea uji wodini anasema walishindwa!

Sasa dada, sikiliza. Kabla mama hajasaini, muulize daktari ataacha nini na kwa nini. Muulize tena wajomba wakiwapo. Mkiruhusiwa, ombeni CD ya picha na ripoti ya maabara inayotaja daraja la uvimbe, yaani ni mpole au mkali kiasi gani. Akiinama akatokwa puani na maji meupe kama ya kunywa, msiseme mafua, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Akipewa dawa za kifafa asiziache kienyeji. Na picha za MRI za marudio msiziruke kwa sababu anajisikia mzima: kipande kikianza kukua kuna mionzi, kuna upasuaji wa pili, lakini daktari atataka picha za zamani alinganishe. Ndiyo maana nasema CD. Itunzeni CD.

Wengi mnaniuliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2024 uliihusisha na meninjioma kwa waliotumia mwaka mmoja au zaidi. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, kwa hiyo msiache kwa hofu, zungumzeni na nesi. Aliyewahi kuwa na uvimbe huu ndiye asikae kimya.

Na ninyi ndugu wa wagonjwa, punguzeni vikao. Mtu anapoteza macho, ninyi mnatafuta nani kamroga! Toeni nauli kwanza, mchawi mtamtafuta baadaye.

Dada, mfumbe mama jicho moja moja, umwonyeshe kitu chekundu. Kama jicho moja limeanza kufifia, msisubiri minada ya korosho ya Oktoba, kopeni sasa. Na yule mjomba mwambie anipigie. Namba yangu anayo.