Jibu: Mchwa wanaua mikaratusi yangu Ruai, nimwage dawa gani?

Ndugu, umesema miche yako ya miezi minne inakauka mmoja baada ya mwingine, na mikaratusi mikubwa ya jirani imepakwa udongo wa mchwa hadi kifuani. Kabla hujanunua dawa, ng'oa mche mmoja uliokauka, utazame mzizi wake.

Mimi nilipata hasara hiyo Kamulu, kiangazi cha kwanza baada ya kupanda. Kila Jumamosi nilitoka Kayole na pampu mgongoni kwenda kupulizia miti mikubwa, kwa kuwa huko ndiko nilikowaona mchwa. Kumbe miche inafia chini ya udongo. Siku niliyovuta mmoja, ulikuja mkononi bila ubishi: gome lilikuwa limetafunwa mzunguko mzima pale shina linapokutana na mzizi, yaani shingo ya mzizi. Gome likishaliwa hivyo, chakula cha majani hakishuki tena mizizini. Ukiona majani yamenyauka, kazi ilikwisha zamani.

Ule udongo uliopakwa kwenye miti mikubwa hujengwa na mchwa kujikinga na jua na siafu, na mara nyingi chini yake wanakula gome lililokwisha kufa. Kwangua kwa kisu. Ukikuta gome la ndani ni bichi, mwambie jirani asihangaike.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba karibu miche yote iliyokufa ilikuwa imekawia kitaluni, mzizi mkuu umejikunja kama kamba ndani ya kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche. Mche wa namna hiyo hauchimbi chini kutafuta maji, na mchwa hupenda sana mti uliochoka kwa kiu. Tena mkaratusi ni mgeni kutoka Australia, uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za reli, na mchwa wa huku huushambulia kuliko miti yetu ya asili.

Kosa langu la pili lilikuwa kupalilia shamba likabaki jeupe. Mchwa hawa hukusanya majani na vijiti vikavu, wakaoteshea kuvu ambao ndio chakula chao. Ndiyo asili ya ule uyoga mkubwa wa vichuguuni baada ya mvua. Ukiwaondolea nyasi kavu zote, unawaachia miche peke yake. Siku hizi naacha nyasi zilizofyekwa katikati ya mistari. Kubomoa kichuguu hakukusaidii sana, kwani malkia yuko chini na njia zao hutoka hata nje ya ploti yako.

Wazee watakusimulia aldrin na dieldrin, dawa za zamani za kuua mchwa. Zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Stockholm wa 2001, maana hukaa udongoni miaka mingi na kuingia mwilini mwa watu. Usizitafute. Dawa iliyosajiliwa hufaa zaidi ikichanganywa na udongo wa kiriba kabla ya kupanda. Waulize KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pale Muguga ni ipi na kipimo gani.

Pandikiza mvua za Machi zikishika. Na ukituma picha, usipige majani, piga shingo ya mzizi baada ya kuiosha.