Timu mpya ya Tasmania haimsubiri kijana wetu

Kaka, shikamoo. Nimeupata ujumbe wako kuhusu mtu aliyefika Ujiji akiwaeleza wazazi kwamba ligi ya mpira ya Australia inaongeza timu, kwamba wachezaji wa huku hawatoshi, na kwamba kijana mrefu mwenye mbio akilipiwa gharama za kufungua faili atapokelewa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, hata kabla hajaujua mchezo wenyewe. Umeniuliza kama ni kweli, umeniambia unataka kuuza kiwanja ili umpeleke mwanao, na umeniomba nichangie nusu ya pesa. Ninakujibu kwa maandishi marefu ili uwasomee na majirani, kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza, na kila anayeniuliza anakuwa amekwisha kuamini.

Sehemu ya habari hiyo ni ya kweli. Ligi inayoitwa AFL, ya mpira wa Kiaustralia ambao si soka bali huchezwa kwa mikono na miguu kwa mpira wa umbo la yai, ina klabu 18, na klabu ya 19, Tasmania Devils, ilipewa leseni mwaka 2023 na imepangiwa kuanza kucheza mwaka 2028. Ni kweli pia kwamba hapa Melbourne, ambako mchezo huu unazungumzwa kazini, sokoni na kwenye treni, wapo wengi wanaolalamika kwamba kila klabu mpya inapunguza ubora wa zilizopo, kama mchuzi unaoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Mtu wenu ameyachukua malalamiko hayo na kuyafanya tangazo la ajira. Ili uelewe kwa nini hayana uhusiano wowote na kiwanja chako unachotaka kukiuza, nivumilie nikueleze.

Ligi hii ilianza mwaka 1897 ikiwa na klabu 8, zote za jimbo la Victoria, ambako ndiko uliko mji huu wa Melbourne, na kuanzia mwaka 1925 zikawa 12. Kwa miaka mingi wachezaji bora wa Perth na Adelaide, miji ya majimbo mengine, walikuwa na ligi zao za majimbo, na wengi wao hawakucheza Melbourne kamwe. Kwa hiyo klabu za miji hiyo zilipoingia, West Coast mwaka 1987, kisha Adelaide mwaka 1991, Fremantle mwaka 1995 na Port Adelaide mwaka 1997, timu ziliongezeka kwenye karatasi, lakini hali halisi ilikuwa kwamba vipaji vilivyotawanyika katika ligi tatu vilikusanywa katika moja. West Coast ilikuwa bingwa mwaka 1992 na 1994, na Adelaide mwaka 1997 na 1998. Anayesema upanuzi ule uliidhoofisha ligi anapaswa kueleza mabingwa hao walitoka wapi.

Upanuzi uliofuata ulikuwa wa namna nyingine, na hapo walalamikaji wana haki. Gold Coast iliingia mwaka 2011 na Greater Western Sydney mwaka 2012, katika maeneo ambako raga ndiyo inayopendwa, na vikosi vyao vilijazwa vijana wa miaka 18 na 19 waliopangwa dhidi ya wanaume waliokomaa. Katika msimu wake wa kwanza Greater Western Sydney ilishinda mechi 2 tu, na siku moja Hawthorn waliifunga kwa tofauti ya pointi 162. Ilipofika mwaka 2019 timu hiyohiyo ilicheza fainali kuu, ingawa ilipigwa vibaya na Richmond, na Gold Coast ilisubiri hadi mwaka 2025 ili kufika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza. Ligi ya wanawake ilikwenda kwa kasi zaidi: ilianza mwaka 2017 na timu 8, na kufikia mwaka 2022 zilikuwa 18. Kwa maoni yangu hapo upungufu ulionekana wazi uwanjani kwa muda, kwa sababu wasichana waliokuwa wamekatazwa au kupuuzwa kwa vizazi vingi hawawezi kutengenezwa kwa misimu mitano.

Sasa fanya hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayomuumbua huyo wakala. Kila klabu ina wachezaji zaidi ya 40, kwa hiyo klabu 18 zina zaidi ya 700, na Tasmania itahitaji sehemu ndogo tu juu ya hao. Mwaka 1987 Australia ilikuwa na watu takribani milioni 16 na klabu 14. Leo ina zaidi ya milioni 27 na klabu 18. Watu kwa kila klabu wameongezeka, na wataendelea kuwa wengi kuliko zamani hata Tasmania ikiingia. Kisiwa chenyewe kina historia ya mpira huu: Peter Hudson, Royce Hart na Darrel Baldock walitoka huko. Hakuna timu inayotafuta watu barabarani. Kila mwaka vijana wa miaka 18 huteuliwa katika uchaguzi wa pamoja ambao timu dhaifu hutangulia kuchagua, na wengi wao wameushika mpira huo tangu wakiwa na miaka mitano, wanaukamata angani wakiwa wamepanda migongo ya wenzao, na wanaupiga kwa miguu yote miwili. Hata hao wengi wanaachwa.

Jambo ninalolijali mimi, na ambalo sisikii likisemwa vya kutosha, ni hili: sehemu kubwa ya ongezeko hilo la watu ni sisi wahamiaji. Kama watoto wetu hawaingii katika mchezo, basi kuhesabu milioni 27 hakuna maana, na kipaji kitapungua hata timu zikibaki 18. Ligi inalalamika kwamba wachezaji warefu ni adimu, na huku magharibi mwa Melbourne ninakoishi wamejaa vijana warefu kutoka Sudan Kusini, Kongo na Burundi wanaocheza kikapu na soka. Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma kwetu katika familia ya wakimbizi wa Burundi, alikulia Adelaide, mji unaoabudu mpira wa AFL, lakini kipaji chake kilikwenda kwenye soka hadi akasajiliwa na Bayern Munich. Ninafurahi kwa ajili yake. Ninasema tu kwamba klabu zinapopigania kijana mmoja wa shule ya gharama kubwa huku mtaa mzima ukipitwa, tatizo si idadi ya timu.

Na sababu ya kupitwa ninaijua kwa sababu ninaiishi. Mimi ninafanya usafi viwanjani. Mechi ikiisha na watu wakiondoka, sisi tunaingia kwenye majukwaa na mifuko mieusi, tunaokota vikombe, mabaki ya chakula na matapishi chini ya viti, katika baridi ya Julai inayofanya vidole visikunjike, hadi usiku wa manane. Kampuni iliyoniajiri haiulizi kama nina mtoto wa kumpeleka mazoezini. Mwanangu wa pili ana miaka 13, amenipita urefu, na mwalimu wake alitaka ajiunge na timu ya vijana ya mtaa. Kuna ada ya usajili, viatu, kinga ya meno, na mazoezi ya jioni mara mbili kwa wiki mahali ambapo basi halifiki. Mwezi uleule nilituma pesa ya paa la nyumba ya mama. Mwanangu hakusajiliwa. Sikulaumu, Kaka, wala simlaumu mama. Kuondoka kwangu kuna deni ambalo ninalijua. Lakini usiniombe nimpe huyo wakala pesa ambayo nilimnyima mtoto wangu.

Najua utanitajia Waafrika waliofaulu. Wapo, na ninajivunia kila mmoja. Majak Daw alizaliwa Khartoum, akacheza North Melbourne mwaka 2013 akiwa Msudani wa kwanza katika ligi hiyo. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, na mwaka 2021 akiwa Port Adelaide aliteuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi wa mwaka huo. Akec Makur Chuot, naye aliyepitia Kakuma, alicheza Fremantle katika msimu wa kwanza wa wanawake. Mac Andrew alichaguliwa wa tano katika uchaguzi wa mwaka 2021. Lakini wote walifika huku kwa njia ya ukimbizi pamoja na familia zao, wakiwa bado wadogo, wakajifunza mchezo hapahapa. Mason Cox wa Marekani alikuja mtu mzima asiyeujua mchezo, na mwaka 2023 akawa bingwa na Collingwood. Yeye ligi ndiyo iliyompima kwao, na klabu ndiyo iliyomwajiri. Klabu humlipa mchezaji. Mchezaji hailipi klabu, na hakuna faili linalofunguliwa Ujiji.

Kuhusu karatasi, sikiliza vizuri. Visa ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, na visa ya mwanamichezo huhitaji klabu au taasisi iliyokubali kumdhamini. Akija kwa visa ya matembezi na ikaisha, atafanya kazi za kujificha, atalipwa chini ya haki yake, na hataweza kulalamika popote. Nimewaona watu wa namna hiyo kazini kwetu. Hawatazami mtu machoni.

Nawe mwana wa Kaka, najua baba yako atakusomea, kwa hiyo nasema nawe kama baba yako mdogo. Usije. Maliza kidato cha sita, kimbia riadha, cheza mpira wa nyumbani unaoupenda. Lakini kama ukipata nafasi ya chuo huku kwa alama zako mwenyewe, njoo, nitakupokea, utalala chumba kimoja na wadogo zako na nitakupeleka mimi mwenyewe kwenye timu ya mtaa. Wasiokuwa na pa kulala hapa ni wengi na sitaki uwe mmoja wao, ndiyo maana ninakukataza. Na kipaji unacho, ndiyo maana siwezi kukukataza kabisa.

Kaka, kiwanja usikiuze. Kama umekwisha kumpa huyo mtu chochote, kidai kesho mbele ya mashahidi, na akikataa nenda polisi ukiwa na ujumbe aliokuandikia. Mwambie akupe barua ya klabu yenye jina la klabu na anwani yake, unitumie picha, nami nitaipigia klabu hiyo simu. Ada ya shule ya kijana nitailipa mwisho wa mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mwezi unaofuata usitegemee kitu kutoka kwangu, kwa sababu usajili wa timu ya vijana unafunguliwa na safari hii mwanangu atakuwemo.