Robbie Williams na swing: zilipendwa zilizopakwa rangi upya?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nilikulia Tabora enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Juzi mjukuu wangu alinisikilizisha kwenye simu yake nyimbo za Robbie Williams, akasema hiyo ndiyo jazi yenyewe. Mwili ulitaka kucheza, lakini si kwa mwendo niliouzoea. Hii ni jazi gani, na huyu msanii ameleta jipya lipi?
Msomaji, Kanyenye, Tabora

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Mwili wako haukukosea. Bendi zetu zilijiita Jazz, lakini dansi lao lilikuwa la mkondo wa rumba, ambamo magitaa huligawa pigo karibu sawasawa. Swing, iliyotamba Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, huligawa pigo hilo kwa upendeleo: sehemu ya kwanza hurefushwa, ya pili hufupishwa. Gonga meza kwa vidole ukisema "taa-ta, taa-ta", huku mguu ukihesabu nne nne kama besi inavyotembea, nawe utausikia ule mwendo wa kubembea.

Williams, Mwingereza aliyeanzia katika kundi la Take That, alitoa albamu ya Swing When You're Winning mwaka 2001, baada ya kurekodi katika studio za Capitol, Los Angeles, ambamo Frank Sinatra, mwimbaji mkongwe wa Marekani wa mtindo huo, naye aliwahi kurekodi. Jipya lake, kwa maoni yangu, si kubwa. Upangaji wa ala ameuheshimu mno, hivyo tarumbeta na tromboni bado zinamjibu mwimbaji kama zamani. Alichokileta ni bashasha na utani wa jukwaa la pop. Sinatra hulichelewesha neno nyuma ya pigo, kama mtu anayezungumza barazani bila haraka, ilhali Williams hulikalia pigo na kulisukuma. Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika It Was a Very Good Year, ambamo sauti yake imeunganishwa na ya Sinatra, aliyefariki mwaka 1998. Wimbo alioimba na mwigizaji Nicole Kidman ndio uliovuma zaidi, ingawa, tuseme kweli, swing ndani yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Mwambie mjukuu auchomeke muziki huo kwenye spika kubwa, kwa sababu spika ya simu huimeza besi, na bila besi huwezi kuusikia mwendo wenyewe.