Anayesoma wasifu wako saa saba usiku

Mwanamke mmoja aliniandikia kupitia orodha ya washauri nasaha mtandaoni: "Asalaam aleikum. Bado unapokea watu?" Niliuona ujumbe huo siku ya tisa, kwa sababu wasifu wangu ulikuwa bado unaupeleka kwenye barua pepe niliyoiacha zamani. Nilimjibu saa ile ile. Hakurudi tena.

Jioni hiyo niliusoma wasifu wangu wote kama mtu anayetafuta msaada, na uliniuma. Ulianza na shahada, ukafuata na kozi, kisha majina ya mbinu zote nilizosomea. Kwenye simu, msomaji huona mistari miwili au mitatu tu kabla ya kubonyeza asome zaidi, na mistari yangu ile ilikuwa ikizungumza na wahadhiri. Sasa inasema: "Umefiwa na usingizi umekupotea? Ndani ya nyumba mmenyamaziana? Njoo tuzungumze, kwa Kiswahili au Kiingereza, hapa Tudor, Mombasa, au kwa simu." Elimu yangu bado ipo, ila nimeishusha chini, pamoja na namba ya usajili. Hiyo namba usiiache. Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na mteja ana haki ya kujua anamfungulia nani moyo wake.

Orodha hizi hukupa visanduku vya matatizo unayoshughulikia. Nilikuwa nimevijaza vyote, nikihofia kukosa wateja. Lakini mfiwa akiona unashughulikia kila kitu, atajuaje kwamba msiba unauelewa? Nimebakiza vitatu: msiba, ndoa, na akina mama waliojifungua karibuni. Wengine nawaelekeza kwa wenzangu.

Ada iandike. Mtu anayetoka Likoni, avuke feri kisha apande matatu, amekwisha piga hesabu kabla hajakupigia, na wengi huona haya kuuliza bei. Taja kiasi, urefu wa kikao, kama unapokea M-Pesa, na kama una nafasi za ada nafuu. Ukificha, atadhani humfai.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mlango. Ofisi yangu iko juu ya duka la dawa, na wateja kadhaa waliniambia katika kikao cha kwanza kwamba walilizunguka jengo mara mbili tatu wakiogopa kuonwa na jirani. Nikaongeza sentensi moja: "Ngazi ziko kando ya duka la dawa, na mlangoni hakuna bango la ushauri nasaha." Tangu hapo, karibu kila anayepiga huitaja sentensi hiyo. Mombasa watu wanajuana, na aibu ya kuonekana huwazuia wengi kuliko pesa. Kwa hiyo eleza njia ya kuingilia, mahali pa kusubiri, na kama anaweza kutumia jina lisilo lake anapopiga mara ya kwanza.

Picha iwe ya karibuni, uso uonekane vizuri, basi.

Shuhuda za wateja usiziweke, hata wakikubali. Aliyekuja kwako akiwa ameumia hana nguvu ya kukukatalia ukimwomba. Andika pia saa unazopatikana, na useme wazi kwamba usiku hupokei simu. Anayefikiria kujiua aelekezwe hospitali ya karibu au Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza watu wanaofikiria kujiua, na maelezo hayo yakae juu, asilazimike kuyatafuta.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao cha kwanza, naazima simu ya binti yangu, nautafuta wasifu wangu kama mgeni, kisha najitumia ujumbe na kungoja uingie. Halafu naangalia pale palipoandikwa kama nina nafasi. Zikiwa zimejaa, nabadilisha papo hapo na kuweka tarehe ya kufungua tena. Mtu huweza kujipa moyo wiki tatu nzima ili aandike maneno mawili tu, na sitaki ayaandike kwenye mlango uliofungwa.