Hakupanda gari hata kidogo

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpagazi njia ya Machame, Kilimanjaro. Mgeni alinionyesha kwenye simu habari za Kilian Jornet, mkimbiaji wa milima kutoka Hispania, aliyemaliza vilele 82 vya Alps, milima ya Ulaya, kwa siku 19. Wenzangu wanasema alipelekwa kwa gari hadi chini ya kila mlima. Ni kweli?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli. Mwaka 2024 Jornet alipita vilele vya Alps vinavyozidi mita 4,000, na kutoka mlima hadi mlima alitumia miguu na baiskeli. Mwaka uliofuata akaenda Marekani: vilele 72 vya zaidi ya futi 14,000 kwa siku 31, tena kwa miguu na baiskeli. Mimi kasi hainishangazi sana. Kinachonishangaza ni kulala kidogo, kisha kuamka na kukanyaga ukingo wa mwamba ambako ukiteleza hakuna wa kukudaka.

Wenzako waambie na ya kwetu pia. Mwaka 2006 Simon Mtuy, Mtanzania, alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe akashuka, jumla saa 9 na dakika 21, akijibebea chakula chake. Umbwe unaijua: mizizi unaishika kwa mikono kama ngazi. Jornet mwaka 2010 alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 7 na dakika 14. Karl Egloff, mkimbiaji mwingine wa milima, mwaka 2014 akashusha hadi saa 6 na dakika 42. Bado namheshimu zaidi Mtuy kwa mzigo ule mgongoni.

Ukitaka kujaribu, zoea kwanza hewa ya juu. Kichwa kikigonga na ukaanza kutapika, shuka, hata kama kilele unakiona.