Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anapotibiwa Kutwa na Kurudi Nyumbani

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zinahusu mtoto anayepelekwa hospitali asubuhi, akatibiwa, na kurudi nyumbani jioni bila kulazwa. Nimehudumu miaka mingi kama muuguzi katika wodi za watoto, na hofu zilizomo katika barua hizi nimezisikia kwa wazazi wengi, wenye elimu na wasio na elimu.

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 amekutwa na ngiri ya kinena. Tumeambiwa tumfikishe hospitali Alhamisi saa 1 asubuhi akiwa hajala, apasuliwe, kisha turudi naye siku hiyo hiyo. Mama mkwe wangu anasema mtoto aliyepasuliwa harudishwi nyumbani siku ile ile, ila kama hospitali imekosa vitanda na inatufukuza. Tena anasema mtoto mdogo hawezi kushinda na njaa. Nimsikilize nani? Na mtoto mwenyewe nimwambie nini? (Mama, Tororo)

JIBU: Mama, mkweo anasema hayo kwa sababu anampenda mjukuu wake, kwa hiyo usibishane naye, msomee jibu hili mkiwa mmeketi pamoja.

Ngiri ya kinena hutokea pale njia ndogo ambayo ingepaswa kufunga kabla au muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa inapobaki wazi, na sehemu ya utumbo ikapenya humo. Haijifungi yenyewe. Kitovu kilichotokeza ni jambo jingine, kwani kwa watoto wengi hujifunga chenyewe wanapofikia miaka 4 au 5, na wazazi wengi huchanganya haya mawili wakangoja bure. Kwa kawaida upasuaji wa ngiri kwa mtoto hauchukui zaidi ya saa moja, kidonda huwa kidogo katika mkunjo wa kinena, na mtoto mwenye afya njema huweza kunywa, kukojoa na kutembea kabla ya jioni. Kumrudisha nyumbani si kumfukuza: atalala kitandani pake, atakula chakula anachokijua, na hatalala kati ya watoto wenye kikohozi na homa. Wanaobakizwa hadi kesho yake ni watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, kwa sababu pumzi zao zinaweza kukatika kwa muda baada ya dawa ya usingizi na lazima waangaliwe usiku. Na ikitokea kabla ya Alhamisi ule uvimbe ukawa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, au mtoto akaanza kutapika, usingoje siku yenu. Mpeleke saa ile ile, hata iwe usiku wa manane.

Sasa kuhusu njaa, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Dawa ya usingizi hulegeza mwili wote, pamoja na koo linalozuia chakula kisiingie katika njia ya hewa. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kumwagikia mapafuni wakati mtoto hana uwezo wa kukohoa, na jambo hilo linaweza kumuua. Kanuni inayofuatwa katika hospitali nyingi ni saa 6 bila chakula wala maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji. Kwa mfano, mtoto atakayepasuliwa saa 3 asubuhi hatakiwi kula chochote baada ya saa 9 usiku, yaani mlo wake wa mwisho ni ule wa jioni, lakini maji matupu anaweza kuruhusiwa hadi saa 1 asubuhi. Hospitali yenu itawapa saa zake. Zifuateni hizo, na muulize waziwazi kuhusu maji, kwa sababu wazazi wengi humnyima mtoto hata tone tangu jioni, akafika amekauka, analia, na mshipa hauonekani. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Kipande cha chapati alichopewa na dada yake kwa huruma ni chakula. Kwa hiyo waambie wote nyumbani, fungeni jikoni, na ikiwezekana ninyi watu wazima msinywe chai mbele yake asubuhi hiyo. Ikiwa amekula kitu kwa bahati mbaya, sema. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekukaripia kwa kusema kweli. Mtapangiwa saa nyingine au siku nyingine, basi. Nimemwona mama akitikisa kichwa kwamba mtoto hajala, kisha mtoto mwenyewe akasema, "Nilikula ndizi." Tulimshukuru Mungu siku ile kwa mdomo wa mtoto yule.

Umeuliza umwambie nini. Mwambie kweli, jana yake, kwa maneno machache. Mtoto wa miaka 4 akiambiwa wiki nzima kabla, hofu humkalia usiku kucha kila siku. Akidanganywa kwamba anakwenda kumtembelea shangazi, atajua amedanganywa mara aonapo vazi la muuguzi, na hatakuamini safari ijayo. Sema: "Daktari atautengeneza uvimbe huu. Utalala usingizi wa dawa, hutasikia kitu, na ukiamka nitakuwa karibu nawe." Usimwahidi kwamba hapatauma kabisa, maana patauma kidogo. Na nakusihi, wewe na majirani, acheni ule usemi wa "usipotulia daktari atakudunga sindano." Tunaoshika sindano tunaujua uzito wa maneno hayo, kwa sababu mtoto huyo hutufikia akiamini kwamba matibabu ni adhabu. Mruhusu abebe kitu chake anachokipenda, hata kama ni kipande cha leso kilichochakaa.

Mkifika, atapimwa uzito kabla ya mambo mengine yote, kwa sababu kila dawa ya mtoto hukadiriwa kwa kilo zake. Atapimwa joto, na mara nyingi damu yake itachunguzwa kama ana malaria au upungufu wa damu. Akiwa na homa au kikohozi kibichi, huenda mkarudishwa mpaka wiki kadhaa zipite, maana mapafu yenye mafua hubana kirahisi chini ya dawa ya usingizi. Jambo hilo huuma sana baada ya nauli kulipwa, kwa hiyo akiamka na homa Alhamisi, pigeni simu kabla ya kupanda matatu. Mtaulizwa kama ana pumu au selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu), kama kuna jamaa aliyewahi kudhurika na dawa ya usingizi, kama kuna jino linalocheza, na kama amepewa dawa za mitishamba. Hilo la mwisho lijibuni bila aibu, kwa sababu baadhi ya mitishamba huzidisha kutoka damu. Mvue hereni na bangili, mfute rangi ya kucha, kwani kidoleni hubanwa kifaa cha kupimia oksijeni. Kama amevaa hirizi, mwambie muuguzi mapema ili mkubaliane itakapowekwa, isije ikakatwa kwa haraka mlangoni mwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, mkabaki na uchungu.

Akizinduka anaweza kulia, kurusha miguu, hata kukutazama kana kwamba hakujui. Hilo huwatisha akina mama kuliko upasuaji wenyewe, lakini huisha, mara nyingi ndani ya nusu saa. Mshike, nena naye polepole. Ataanza na maji kidogo kidogo, kisha kitu chepesi. Nyumbani mpe parasitamoli kwa kipimo mlichoandikiwa, si kwa kukadiria kwa kijiko cha chai, na usimpe aspirini. Homa, damu inayoloanisha bandeji, kutapika kusikokoma, kutokojoa kuanzia mchana hadi usiku, au kidonda kuvimba na kutoa usaha ni sababu za kurudi mara moja.

SWALI: Binti yangu ana selimundu na ameandikiwa kuongezewa damu katika wodi ya kutwa. Mimi ndiye nitakayempeleka kwa kuwa mama yake amejifungua juzi. Je, baba anaruhusiwa kukaa naye? Na kwa nini wanasema tujiandae kwa siku nzima? (Baba, Bweyale)

JIBU: Unaruhusiwa, ndugu yangu, na laiti akina baba wengi zaidi wangefanya hivyo. Siku huisha kwa sababu damu haitolewi tu kwenye friji na kutundikwa: huchukuliwa sampuli ya mtoto, hutambuliwa kundi lake, kisha hupatanishwa na ile ya mchangiaji ili zisipingane. Ikishatundikwa huingizwa polepole, lakini haitakiwi kuzidi saa 4. Muuguzi atampima joto na mapigo mara kwa mara, hasa katika dakika 15 za mwanzo. Nawe kaa macho: akianza kuwashwa, kutetemeka, kulalamika mgongo au kupumua kwa shida, ita mtu papo hapo, usione haya kupaza sauti. Hahitaji kufunga, kwa hiyo mbebee chakula na maji ya kutosha. Damu hiyo hutolewa na wachangiaji wa hiari na haiuzwi. Mtu akikudai fedha za damu pembeni, ripoti kwa mkuu wa wodi.

SWALI: Ninamlea mjukuu wangu wa miaka 2, ambaye korodani yake moja haijashuka. Wazazi wake wako Juba kikazi. Nimeelekezwa Entebbe kutoka huku Arua. Nani atatia saini? Je, nitaweza kupanda basi la usiku kurudi siku hiyo hiyo? Kiganda sikijui, na Kiingereza changu ni kidogo. (Bibi, Arua)

JIBU: Shikamoo bibi. Umefanya vyema kutongoja, kwani korodani ambayo haijashuka hadi umri huo haitegemewi kushuka yenyewe, na kuiacha juu huidhuru.

Kuhusu saini, mwombe mzazi mmoja aandike barua ya kukukabidhi mtoto, akiambatisha nakala ya kitambulisho chake na namba ya simu atakayoishika siku ya upasuaji. Chukua pia barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji chenu, inayothibitisha kwamba unamlea, kitambulisho chako, barua ya rufaa, kadi ya chanjo na lile daftari ambamo waganga wamekuwa wakiandika matibabu yake. Piga simu hospitalini kabla ya safari uwasomee orodha hiyo, wakueleze kama inatosha. Ikiwa umeelekezwa katika hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021, matibabu pale hayalipiwi. Nauli, malazi na chakula chako, hata hivyo, waulize ni juu ya nani, na hospitali nyingine yoyote iulize gharama mapema.

Basi la usiku, hapana. Neno "kutwa" linamhusu anayekaa karibu. Arua ni mbali, ni safari ya usiku kucha, na njiani katikati ya pori hakuna wa kukusaidia mtoto akianza kutapika au kidonda kikivuja damu. Fika siku moja kabla, kwa jamaa au katika nyumba ya wageni iliyo karibu, na baada ya upasuaji lala tena hapo angalau usiku mmoja, au zaidi wakikuambia. Waeleze unatoka wapi mara tu unapofika, kwa sababu daktari anayejua kwamba mgonjwa anakaa mbali hupanga tofauti, na pengine atamlaza.

Kuhusu lugha, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu mwaka 2005, na katika hospitali kubwa hakukosekani mtu anayekisema, awe muuguzi, mlinzi au mzazi wa kitanda cha pili. Omba mkalimani kabla ya kutia saini. Usiitikie kwa kichwa jambo ambalo hukulielewa. Baada ya kuelezwa, rudia kwa maneno yako mwenyewe: dawa ipi, mara ngapi, kidonda kioshwe lini, arudi lini, wakusahihishe palipopotoka. Kisha omba waandike namba ya simu ya kupiga usiku, uijaribu ukiwa bado umesimama mbele yao.