Tundu la moyo limezibwa, mbona bado hatambai?

SWALI: Shikamoo Nesi. Mwanangu ana mwaka na miezi 4. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam akiwa na miezi 9. Daktari anasema moyo sasa uko vizuri, lakini mtoto hatambai wala hasimami, na neno lake ni “mama” tu. Mama mkwe hataki nimshushe chini, anasema atachoka. Nifanyeje?
Mama, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mtoto si mvivu, na wewe hujakosea popote. Hitilafu ya moyo inaweza kuupunguzia ubongo damu na oksijeni tangu tumboni. Akishazaliwa, nguvu zake zinaishia kwenye kuhema na kunyonya. Wenzake wakijifunza kugeuka na kukaa, yeye yuko wodini na dripu mkononi. Kuchelewa huku tunakuona sana kwa watoto waliopasuliwa moyo wakiwa wadogo.

Ila kumbeba kutwa kunamchelewesha zaidi. Mfupa wa kifua kwa kawaida huunga ndani ya wiki 6 hadi 8, na wako ameshapita hapo. Kama daktari wake hajakupa masharti, tandika mkeka umlaze kifudifudi. Weka mbele yake kifuniko cha sufuria, mbali kidogo, akitafute mwenyewe. Siku nyingine mpigishe magoti kwenye kigoda, ashike, ajivute. Akinung’unika, mvumilie kidogo. Akihema kwa shida au midomo ikibadilika rangi, acha hapo hapo umwahishe hospitali. Mama mkwe anaogopa kwa sababu alimwona akiugua. Nenda naye kliniki, amsikie daktari mwenyewe.

Kuhusu kuongea, zungumza naye unapochambua mlenda, mtajie kila unachoshika, halafu nyamaza umpe nafasi ya kujibu. Omba pia apimwe masikio.

Kadi ya kliniki yenye uzito peke yake haitoshi. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo. Popote anapofuatiliwa, usiondoke kabla hujauliza nani atampima ukuaji wa viungo, lugha na akili, na lini ataanza fiziotherapia, yaani mazoezi ya tiba ya viungo. Usisubiri afike miaka 2. Na hata akishatembea, endelea kumpeleka, kwani shida za umakini na kujifunza huweza kujitokeza shuleni. Mwalimu wake wa chekechea aambiwe mapema kuhusu upasuaji huo.